Tulivyoipunguza Nyumba Kabla ya Kuhamia Garini

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naona haya mpaka leo na mvi zangu zote. Lakini ngoja kwanza nikwambie kilichonikumbusha.

Mimi na mke wangu, Bi Zuwena, tumeihama nyumba yetu ya Mabela, na hatukuhamia nyumba nyingine. Tumenunua gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani, na ndimo tunamoishi sasa. Wakati wa joto tuko Salala kwenye manyunyu ya mvua, baridi ikiingia tuko pwani ya Sur. Wapo waliosema wazee hawa wamerukwa na akili. Waseme. Miaka thelathini na mbili nimeitazama nchi hii ya Waarabu kwenye ramani za ofisini. Sasa naitazama kwa macho yangu, na mke wangu yuko kando ananikosoa ninavyoendesha.

Taabu ilikuwa nyumba. Vyumba sita vimejaa vitu, na gari lina makabati mawili tu. Akaja mwanetu mkubwa, Khalfan, kijana mwema kabisa, na rai yake.

"Baba, nyinyi nendeni kwa dada siku mbili tu. Mimi ntaleta pikapu na watu wanne. Mkirudi, khalas, nyumba tupu. Mama hata hatochoka."

Nilikwisha fungua mdomo kusema ndiyo. Kisha nikamtazama mama yake. Alikuwa amekaa anafuta kikombe ambacho kilikuwa safi tangu zamani. Hapo ndipo siku ile iliponirudia.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tulikaa Darsait, nyumba ya chini yenye ua mdogo, mimi na mama yangu, mjane aliyenileta huku kutoka Unguja nikiwa mtoto. Nilikuwa nimepata kazi serikalini, na pamoja na kazi nilipata kichwa kikubwa. Nikataka nyumba yetu ifanane na za wakubwa wangu. Uani kwa mama palikuwa na sufuria kubwa la shaba alilokuja nalo kutoka Unguja, jeusi kwa moshi, limebonyea ubavu. Kila Idi wanawake wa mtaa walijazana kwetu kupika bokoboko ndani yake. Walipokezana mwiko, wakiponda ngano na nyama mpaka vilainike, wanacheka, wanasengenya, na mimi sina pa kukaa. Mimi niliyaona yale ni fujo.

Mama alipokwenda Umra nikaita pikapu. Nilitoa sinia zake, mikeka yake, na lile sufuria likaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mahali pake nikaleta makochi ya rangi ya dhahabu. Kisha nikakaa kumngojea aje anisifu, maskini mimi!

Mama akaingia, akayatazama makochi, akasema, "Mazuri." Akatoka kwenda uani, akarudi. Kabla mama hajavua hata viatu, akabisha hodi jirani yetu Bi Rahma, amekuja kumpa mkono kwa Umra, na papo hapo akamwambia kuwa anamwoza binti yake wiki ile na anataka kuazima lile sufuria. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nisamehe, Bi Rahma," mama akamjibu kwa sauti yake ya siku zote. "Nimelitoa mwenyewe. Lilikuwa lishachakaa."

Umeona, mwanangu? Alilibeba kosa langu mbele ya watu ili mimi nisifedheheke. Bi Rahma alipoondoka ndipo mama akakaa kwenye kochi langu jipya, mkoba wa safari bado uko mkononi.

"Nasor, mimi siililii shaba," aliniambia. "Nimekuja nchi hii sina ndugu. Wale wanawake walinijua kwa lile sufuria, walikuwa na sababu ya kuja kwangu. Sasa watakuja kwa sababu gani? Kukalia makochi yako?"

Nilikimbia mpaka kwa wale wanunuzi, nikakuta limeshakatwa vipande. Nikanunua jingine, la aluminiamu, kubwa kuliko lile. Mama akanishukuru. Lakini wenzake walikuwa wamekwisha pata pengine pa kupikia, na watu wakishazoea nyumba huwavuti kwa sufuria jipya. Idi iliyofuata alivaa buibui lake akaniomba nimpeleke. Nikamshusha mlangoni kwa watu, akaingia kuwa mgeni kwenye jiko la mwenzake, yeye aliyekuwa mwenyeji wao wote. Hakunilaumu tena mpaka anakufa. Ingekuwa nafuu angenilaumu.

Basi nikamwambia Khalfan, "Pikapu yako kaa nayo. Vitu vya mama yako atavitoa mama yako."

Ilichukua miezi minne. Bi Zuwena alishika kitu, akakaa nacho, akafikiri kinamfaa nani, kisha akamwita mtu huyo. Hakumpelekea mtu kitu mlangoni. Alimwita, akamnywesha chai, akamweleza kitu kile kimetoka wapi na kimefanya kazi gani. Cherehani alimpa binti mmoja wa Tanga anayeshona nguo Ruwi. Kinu alimpa wifi yake, na yule mwanamke akalia. Siku nyingine wageni walifika saba kwa mara moja, na nyumba yetu haikuwa imejaa watu namna ile tangu watoto walipooa na kuolewa. Kazi yangu ilikuwa kuwabebea mpaka kwenye magari yao. Mgongo uliniuma, na nilijivuna kama bwana harusi. (Redio zangu sita mbovu hakuzitaka mtu, ingawa naapa moja ilikuwa bado inatengenezeka.)

Asubuhi ya kuondoka nikafungua kabati la gari, nikaona sahani nne na vikombe vinne.

"Bi Zuwena, sisi tuko wawili. Hizi nyingine za nani?"

Akanitazama kama anayetazama mtu mjinga. "Za atakayekuja."

Na wanakuja, mwanangu. Popote tunapoegesha, haipiti siku ya pili bila ya mtu kugonga.

Basi lishike hili. Ukitaka kupunguza vyako, punguza, hata uhamie garini, hakuna aibu. Lakini toa kwa mkono wako ungali na nguvu ya kutoa, na umpe mtu unayemjua kwa jina. Na cha mwenzio, awe mama yako au mke wako, kiache mpaka akitoe mwenyewe, hata kama wewe unaona kinakula nafasi bure. Hujui kinamletea nani.

Mwenyezi Mungu akupe umri na afya, akunyooshee safari zako, na nyumba yako, iwe ndogo namna gani, asiiache hata siku moja bila ya mtu wa kuibishia hodi. Amin.