Nyumba Yangu Iliyobaki Kituoni

Shemeji yangu Dabasso alininyang'anya nyumba akaifanya maonyesho ya watalii. Kwetu Waborana nyumba ni ya mwanamke. Miti na mikeka yake nilipewa na mama nilipoolewa, nami nilimwekea binti yangu Mulki. Dabasso ndiye mwenyekiti wa kituo cha utamaduni hapa Burat. Aliniambia, "Gumato, tuazime siku ya ufunguzi tu. Watalii wakija, Isiolo yote itakula." Nikaibomoa, nikaijenga upya pale kwa mikono yangu.

Huu ni mwaka wa tatu. Juzi nilienda kuichukua, kwa sababu Mulki anaolewa Ijumaa. Askari wa langoni akaniuliza tiketi.

"Ukiiondoa, wageni wataona nini?" Dabasso akasema.

"Waonyeshe nyumba yako ya mawe, shemeji."

Akacheka. "Uliweka kidole kwenye karatasi. Inasema ulitupa zawadi."

Sijui kusoma, na siku ile hakuna aliyenisomea.

Mulki ataenda kwa mumewe bila hata mkeka mmoja wa nyanya yake, na mimi sina nguvu ya kusuka mingine. Dabasso bado ana deni la nyumba yangu nzima, na ninajua hatalilipa.