Kirusi Kilichokuja kwa Jina Langu

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa tambara na brashi. Nilikuwa nimeajiriwa kama fundi wa kompyuta katika kiwanda cha sabuni, Industrial Area, na unga wa sabuni uliingia kwenye mashine mpaka zikazima. Mhandisi Mkuu akaniambia, "Mutiso, hapa fundi ni mfagiaji kwanza." Nikafagia. Nyinyi vijana mnaotaka kuanzia juu, haya basi.

Nilianzia stoo, nikapelekwa uhasibu, kisha chumba cha seva, yaani ile kompyuta mama inayogawia nyingine zote barua na faili. Hapo nilikaa mpaka nikastaafu.

Kirusi kilitukuta wiki niliyorudi kutoka kumzika mke wangu, huko Machakos. Wenzangu walioshindwa kusafiri niliwaahidi picha. Asubuhi moja kila mtu akapata barua pepe yenye jina langu, na kichwa chake "Picha". Wallahi sikuituma! Kirusi cha aina hiyo kikiingia kompyuta moja husoma anwani zote zilizomo, kikaazima jina la mmoja wa wenye anwani hizo. Ukifungua faili iliyoambatishwa, kinajituma kwa wote unaowajua. Wiki nyingine wangeifuta tu. Lakini nani angekataa kutazama picha za mazishi ya mke wa mwenzake? Kwetu huko ni kukosa utu.

Nekesa, karani wa oda, ndiye aliyekuja mbio, akiniita kwa jina la mwanangu. "Baba Kioko, pole sana, picha hazifunguki, na mashine yangu inatuma barua yenyewe!"

Nikachomoa waya wa seva. Oda zikaacha kufika stoo, malori yakasimama, na vibarua wa kutoka mtaa wa Mukuru wakaketi getini kungoja. Meneja Mkuu, mtu wa hasira za karibu, akatoka akifoka.

"Watumie wote barua pepe, waambie wasifungue barua pepe!"

"Mkubwa, na hiyo wataisomea wapi?"

Nilimkimbilia Mama Chai, aliyetugawia chai ofisini. Toroli lake lilifika kila meza kabla ya memo yoyote. Akapita akipaza sauti, "Msifungue picha za Mutiso, si zake! Shika kikombe, achana na hiyo mashine!" Nami nikamfuata nyuma, nikisafisha kompyuta moja baada ya nyingine.

Jioni Meneja akaniita. "Nani alifungua kwanza? Kesho asikanyage hapa."

Nilimjua. Ni Nekesa, naye alikuwa nje ya mlango akilia kimyakimya, na watoto wake huko mtaa wa Pipeline hawakuwa na mwingine wa kuwalisha.

"Mkubwa, seva inaonyesha wote waliofungua. Na wewe je?"



"Nilifungua," akasema. "Sikufika mazishini. Nilitaka kumuaga Mama Kioko."

"Basi na huyo wa kwanza alitaka hivyo hivyo."

Akavua miwani, akajifuta uso. "Mwambie awahi kesho. Oda zimerundikana."

Siku hizi nakaa Pipeline, na vijana wa ploti yetu ya kupanga hunijia na simu zao. "Niaje mzee, hii link nifungue?" Nawaambia, mpigie kwanza mwenyewe aliyeituma, usikie sauti yake. Kinga ni bora kuliko tiba. Lakini ole wako ukianza kuogopa kila anayekuandikia, maana utabaki peke yako na simu yako safi.

Wiki ile ile ya kirusi nilizichapisha picha zenyewe studio, nikaziweka kwenye toroli la Mama Chai. Zikazunguka meza kwa meza. Ziliporudi moja haikuwepo, ile ya zamani niliyoichanganya humo, mke wangu akicheka. Kesho yake nikaikuta imebandikwa pembeni mwa kompyuta ya Nekesa. Nikaiacha hapo.

Siku niliyostaafu, picha ilikuwa bado pale. Nikachukua tambara, nikampangusa mke wangu unga wa sabuni usoni, nikamwacha na wenzangu.