Kopo la Meno ya Bure

Mama yangu hakuamini kitu cha bure, nami nilirithi ugonjwa huohuo. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Machochwe, na mara moja kwa mwezi serikali ilituletea mganga wa meno kwa Landrova. Kung'oa bure, sindano ya ganzi bure. Bure, wakati hata kipande cha sabuni kilikuwa hakionekani dukani!

Kilichotutia shaka zaidi ni kopo. Kila jino alilong'oa, yule bwana alilisuuza, akalitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kuondoka nalo. Kule tulikotoka, mtu mzima alilifukia jino lake mwenyewe, mahali asipoonwa, maana mwenye nia mbaya akilipata, amekupata wewe. Sasa huyu anayakusanya ya kijiji kizima, ayapeleke wapi? Wengine walisema yanavushwa mpakani Sirari yakauzwe ng'ambo. Mimi niliona wazi kuna mchezo.

Na mama alikuwa na gego lililooza, shavu limevimba mpaka jicho linafumba. Hali, halali. Nilimbembeleza aende, akakataa katakata. Jino lake haliingii kopo la mtu asiyemjua.

Siku moja, mganga alipokwenda kula kwa mwenyekiti wa kijiji, niliingia zahanati, nikalibeba lile kopo, nikamwaga meno yote chooni na kopo lenyewe nikalitupa humohumo. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Mama aliposikia kopo limepotea, alikubali: mganga akija tena, atakwenda.

Mwezi uliofuata mganga alikuja na koleo tu. Nikamuuliza ganzi iko wapi.

"Wilayani hawanipi dawa mpaka niwaonyeshe meno niliyong'oa," alisema. "Safari hii sikuwa nayo. Wanadhani naiuza."

Kumbe hata wao hawakumwamini mtu wao! Nilitaka kumrudisha mama nyumbani, lakini alishakaa kwenye kiti, akasema hawezi kulala usiku mwingine na gego lile. Nikamshika mabega. Mama yangu hakuwahi kulia mbele yetu, hata siku tuliyomzika baba. Siku ile alilia kwa sauti, na gego lilivunjika, likatolewa vipandevipande.

Njiani alitoa kitambaa mdomoni, akatema damu. "Nilikwambia," alisema. "Ganzi wamewawekea wakubwa. Sisi wametuachia koleo."

Maneno hayo aliyapeleka kisimani kesho yake, na shavu lake ndilo lililokuwa ushahidi. Landrova ilipokuja tena, ilikaa zahanati mpaka saa tisa, hakuna aliyekwenda. Wanawake wawili, mmoja amebeba mtoto anayelia na jino, walipita kwetu kuniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwepo, kama aliyosema mama ni kweli.

Mama alikuwa ameketi pale, ananitazama. Nikasema ndiyo, ni kweli, niliona kwa macho yangu. Wakageuka, wakarudi na mtoto nyumbani.