Kupanda Kabasha bila Pacha Wangu

Nilipaswa kumjibu kapiteni wa msafara wetu "hapana." Tulikuwa Kiwanja, asubuhi ya siku ya pili ya safari yetu ya baiskeli kutoka Goma hadi Butembo, tunakunywa chai kando ya malori, akaniinamia sikioni.

"Weye uko na miguu. Leo usingoje mutu. Nataka wa kwanza kufika Kanyabayonga akuwe mutu wa Goma."

Nikakubali kabla sijameza chai.

Waendeshaji wanne wa Kiwanja walikuwa wamejiunga nasi asubuhi hiyo, nao walitucheka waziwazi. Huo ndio mwaka volkano ilipoingia mjini kwetu Goma. Nyumba yetu ya mtaa wa Mapendo ilifunikwa na mawe meusi, tukajenga kibanda cha mbao juu yake.

"Nyinyi batu ba majivu," mmoja akasema, akinyoosha kidole kwenye baiskeli zetu, "hizo kinga zenu haziyeyuki kwenye jua?"

"Ngoja mlimani," nikamjibu. "Utanusa moshi wangu."

Tulikuwa kumi na wawili kutoka Goma, mafundi na wafanyabiashara, na safari yote tuliipanga ili watu waone kwamba mji wetu bado unapumua. Barabara ilishikwa na kundi moja la waasi mpaka Kanyabayonga, mbele yake na kundi jingine, kwa hiyo kapiteni alibeba karatasi mbili zenye mihuri miwili. Na tulikuwa na sheria moja tuliyoapa wote: kila mtu ana pacha wake, na pacha haachwi. Mmoja anabeba chakula cha wawili, mwingine anabeba mfuko wa kutengenezea, yaani pompa, gundi na viraka vya mpira.

Pacha wangu alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, fundi cherehani wa Ndosho, mwembamba, mpole, mwenye kupenda maneno kuliko pedali. Mke wangu alimkatalia safari hiyo wiki nzima. Uwanda wa Rwindi ulijulikana: kizuizi cha askari, mwisho wake chini ya mlima, kilifungwa saa kumi jioni, na aliyebaki uwandani baada ya hapo, wapiganaji wa porini walimchukua kuwabebea mizigo. Mimi ndiye niliyemwambia mke wangu, "Nitakuwa naye. Nitamrudisha mwenyewe." Ndipo akaacha kubishana.

Sasa, nikisema siku hiyo haikuwa tamu nitakuwa mwongo. Baada ya daraja la Mabenga barabara ilinyooka, nyasi pande zote, upepo mgongoni. Nyati walisimama wakatutazama kama mahakimu. Mavi ya tembo yalikuwa bado yanatoa mvuke katikati ya njia, tukayakwepa tukipiga kelele. Wale wa Kiwanja wakaongeza mwendo, nami nikahisi damu ikinipanda hadi masikioni.

"Shemeji!" akaita nyuma yangu. "Unanikimbia?"

"Nitakungoja juu!"

"Utangoja na njaa, viazi niko nabyo mimi!"

Nilicheka. Sikugeuka. Wengine waliponiona nimetoka, nao wakatoka, mbio zikawa za wote, hata kapiteni. Hakuna aliyebaki nyuma na fundi cherehani.

Kwenye kizuizi askari alizisoma karatasi zetu huku amezishika juu chini. "Munakimbia volkano?" akauliza.

"Hapana, afande, tunakimbia hawa ba Kiwanja."

Akacheka, akainua mti.

Kisha Kabasha. Ambaye hajaupanda mlima ule kwa baiskeli hawezi kujua. Kona juu ya kona, vumbi mpaka kwenye meno, lori linalonguruma nyuma yako nusu saa nzima bila kukupita. Nilisimama juu ya pedali. Nilimpita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne, yule aliyenitania, alikuwa ameshuka anasukuma. "Unanusa moshi?" nikamuuliza, akanitukana kwa pumzi iliyobaki. Chini kabisa uwanda wote ulikuwa umelala, na ziwa liking'aa upande wa kushoto, nami nikajiona mtu mkubwa kuliko nilivyowahi kuwa.

Kanyabayonga walitoka nje. Akina mama walipiga vigelegele. "Goma iko hai!" mtu akapaza sauti, wakanibeba mabegani, mimi, muuza misumari. Nililia. Ilikuwa kama saa tisa.

Wenzangu wakafika mmoja mmoja. Nilikuwa na njaa ya kutetemeka. Nikamtafuta shemeji mwenye viazi, na hapo mkono wangu ukagusa mfuko uliofungwa chini ya kiti changu. Pompa. Gundi. Viraka.

Mama mmoja, mchuuzi wa samaki, alishuka kwenye lori la mwisho.

"Mama, uliona mutu wa kinga njiani?"

"Mwembamba? Niliona. Anasukuma, mupira imelala. Dereva alikataa kusimama. Alikuwa mbali bado na kizuizi, papa. Mbali sana."

Niligeuza baiskeli nikashuka Kabasha bila breki, naapa. Kizuizi kilikuwa kimefungwa. Niliwaonyesha askari mfuko, niliwapigia magoti. Yule aliyecheka asubuhi hakucheka tena. "Nikikufungulia, kesho nitatafuta wawili," akasema.

Alfajiri tuliikuta baiskeli yake kando ya njia, gurudumu la mbele limefunguliwa vizuri, sufuria ndogo ya viazi juu ya kiti, haijaguswa.

Shemeji alirudi kutoka porini baada ya wiki tano, bega limevunjika na kuunga vibaya, hawezi tena kuinua mkono wa kulia. Alikuwa mkarimu: alisema ni tairi tu, lingemtokea yeyote. Mke wangu aliniuliza swali moja, kama ni kweli nilikuwa na mfuko. Nikamwambia ni kweli, na kwamba hakuna aliyenilazimisha. Akachukua watoto wetu wawili, akaenda nao Butembo kumtunza mdogo wake huyo kwa wazazi wao. Hakurudi. Nilikwenda mara tatu, mara tatu aliniacha nimesimama uani. Alifariki huko miaka tisa iliyopita bila kuzungumza nami. Watoto walilelewa na mjomba wao, naye ndiye baba kwao, ndiye wanayemwita papa. Mimi wananiita muzee, kama wanavyomwita mzee yeyote wanayekutana naye njiani.