Maganda ya Bi Eufrasia

Bi Eufrasia Tlapa wa mji wa Martínez de la Torre alikuwa na kinu cha mahindi, na unga wenye chenga kwake ulikuwa tusi. Mahindi ya tamali, ile mikate ya kupikwa kwa mvuke, aliyapitisha jiweni mara mbili, uombe usiombe.

Siku moja daktari wa zahanati alitangaza kwamba maganda ya machungwa, yale yanayotupwa na kiwanda cha juisi, yana nyuzinyuzi. Na yakisagwa laini, hutoa vizuri zile dawa zinazozuia mwili usichakae. Mtaa mzima ukapanga foleni kinuni, kila mtu na maganda yake makavu ndani ya ndoo.

"Usilipashe jiwe moto, Bi Eufrasia," daktari akaonya, "utaunguza hizo dawa."

"Wewe tibu watu. Kusaga niachie mimi!"

Akasaga mara ya kwanza, huku wanawake wakilipepea jiwe kwa aproni zao. Ukatoka unga. Mara ya pili, ukawa poda. Mara ya tatu, ukapaa.

"Eufrasia wee, unga wetu uko wapi?"

"Si huo hapo hewani? Panueni midomo!"

Wakapanua. Mumewe, Nabor, aliyeapa kwamba yeye si mbuzi ale maganda, alikuwa akikoroma chini ya dirisha, kinywa wazi. Ukamwingia kuliko wote.

"Haya Nabor, sema kweli mbele za watu: umesikia chenga?"

Nabor alikuwa ameshajifungia chooni, na foleni nzima ikahamia mlangoni.

Heri kila mtu alikuja na ndoo yake.