Baba Akifika, Rhobi Yuko Chini ya Benchi

Saa mbili asubuhi, siku ya kliniki, zahanati moja ya kata ya Issenye imeshajaa akina mama. Muuguzi Stefania anasoma mizani, anaguna. Rhobi, mtoto wa miaka minne, amepungua tena.

"Ni minyoo," anasema mama yake, Judith.

"Minyoo! Mtoto akinuna minyoo, asipolala minyoo. Dawa ameshameza mara mbili, Mama Rhobi. Hiyo minyoo imebaki wapi?"

Nje inanguruma pikipiki. Kufumba na kufumbua, Rhobi yuko chini ya benchi, gauni limelowa mkojo. Anaingia baba yake, Amos, bodaboda wa njia ya Mugumu. Anamwona binti yake pale chini, anatabasamu.

"Unaona, sista? Huyu ananiheshimu. Nyumbani wakisikia tu mashine, wote kimya."

Stefania anafumba macho kwanza. Tangu apangiwe kazi huku akitokea Kagera, miaka tisa sasa, maneno hayo ameyasikia hadi yamemchosha. Nyumba nyingi anazotembelea, baba hula peke yake akifoka, na watoto hungoja kwa mama wakiwa roho juu.

"Hiyo si heshima, Baba Rhobi, ni hofu," anasema. "Mtoto mwenye hofu chakula hakimshuki. Halali, haongei, anakonda, halafu mnaniletea mimi nimpe dawa. Dawa ya kukemewa sina kabatini! Punguza kelele. Kula naye."

Amos anaondoka bila kuaga. Siku hiyo Stefania anatamani kuvua sare arudi kwao akalime ndizi.

Kliniki ya mwezi uliofuata, Amos anaingia uani anasukuma pikipiki, injini imezimwa tangu barabarani, jasho linamtiririka.

"Sista, kelele nimeziondoa."

"Kelele za mdomo wako, Baba Rhobi! Pikipiki imekukosea nini?"

Akina mama wanacheka hadi wanashika mbavu. Stefania hacheki. Ameona kwamba Rhobi hajakimbilia chini ya benchi. Amejibanza kwa mama yake, lakini amesimama. Mizani inaonyesha uzito haujaongezeka. Haujapungua pia.

"Nachoka, sikatai," Stefania anasema akikoroga uji wa kliniki. "Lakini nataka ifike siku akina baba waje hapa na watoto wao, wakae chini, wanywe nao. Mtoto asikie pikipiki ya baba yake akimbilie barabarani kuipokea. Hilo tu."

Anamkabidhi Amos kikombe kilichojaa. Amos anachuchumaa, anamwita binti yake kwa sauti ndogo ambayo hajaizoea. Rhobi anasogea hatua mbili, anasimama. Amos ananyoosha mkono amshike.

"Usimvute!" Stefania anamkaripia kwa kunong'ona. "Subiri."

Uji unapoa. Amos bado amechuchumaa, kikombe mkononi, anasubiri.