Damofoni Aliyekwenda bila Fimbo

Mjini Korintho hakuna aliyemshinda Damofoni kwa sauti. Alianza kwa kunadi samaki wa chumvi sokoni, na akina mama walimlaani kwa kuwaamshia watoto. Baadaye wazee wa mji wakaona kipaji kile kinaharibikia kwenye samaki, wakamfanya mpiga mbiu. Wakamkabidhi fimbo ya wajumbe, ambayo mwenye kuishika hata adui hamgusi. Damofoni akaanza kutembea kifua mbele, mpaka mkewe Filura akasema heri zamani aliponuka samaki.

Basi meli za Korintho zikaenda kuwaadhibu Wakerkira, watu wa kisiwa cha Kerkira. Asubuhi moja zikakuta meli za Athene zimewakinga Wakerkira hao. Athene na Korintho walikuwa na mkataba wa amani. Je, ulikuwa bado hai? Ilibidi mtu akaulize. Damofoni alishaidaka fimbo, moyo unamdunda kwa furaha, maana mpiga mbiu gani hakuiota siku kama ile? Jemadari wa meli zile akamwamuru aiache. Fimbo hupelekwa kwa adui. Ukiibeba tu, umeshakiri kwamba ni vita.

"Na wakiniua?"

"Tutakuwa tumeshapata jibu," alisema jemadari.

Wakamshusha kwenye mashua na wapiga makasia wanne. Aliogopa, tena sana, lakini wallahi hajapata kujiona yu hai namna ile. Wakerkira walipoona mikono yake mitupu wakapiga kelele kwamba huyo hana kinga, auawe. Damofoni akasimama ndani ya mashua.

"Watu wa Athene, sikubeba fimbo kwa sababu nyinyi si adui zetu. Kama mmeamua kuivunja amani, haya, anzeni na mimi."

Kelele zikakatika. Nahodha wa Athene akainama ukingoni.

"Hatuvunji kitu, bwana wee. Nendeni popote mtakapo. Ila Kerkira hamtii mguu."

Damofoni akawaambia wenzake wavute taratibu, wasionekane wanakimbia. Wakavuta kama waliofukuzwa na nyuki.

Desturi ni kwamba jibu husikiwa kwanza na jemadari, naye ndiye aamuaye. Damofoni alilijua hilo vizuri. Lakini furaha haina mlango, alipoifikia meli ya kwanza tu akapaza sauti, "Amani ipo! Nyumbani, jamani, nyumbani!"

Jemadari alikuja juu, akauliza nani amemruhusu kutangaza, na yeye alikuwa bado anafikiria kupigana. Nyuma yao, meli moja baada ya nyingine zilikuwa zimeshageuza pua kuelekea Korintho, na watu wanaimba.